Faili Lililokosa Mwenyewe: Tulivyofupisha Njia ya Kibali cha Ujenzi

Nilipohamia halmashauri ya mji mmoja hapa Tanzania nikiwa mhandisi, nilikabidhiwa uratibu wa vibali vya ujenzi, na wiki hiyohiyo mzee mmoja akaja dirishani kuniuliza: "Mwanangu, saruji yangu imeshaganda stoo, kibali bado kinapikwa?"

Nililifuata faili lake masjala. Michoro ilikuwamo, nakala ya hati ya kiwanja ilikuwamo, na risiti ya kodi ya pango la ardhi pia. Mpima na afisa mipango miji walikuwa wamekwisha kupitisha. Afisa afya aliandika mstari mmoja tu: "Shimo la choo liko karibu mno na mpaka, arekebishe." Hapo ndipo safari ilipoishia, kwa sababu hakuna aliyempa mzee taarifa, kila mmoja alikuwa ametimiza kazi yake, akalirudisha faili, likalala. Mjini watu waliamini kwamba tunasubiri kitu kidogo, na siwezi kuapa kwamba hakuna aliyekuwa akikisubiri, lakini faili hili lilikwama kwa kukosa mwenyewe.

Wapo walioshauri tununue kompyuta kwanza. Mimi niliona tungehamishia usingizi uleule kwenye skrini, nikapendekeza kwamba kila ombi liwe na afisa mmoja anayelishika tangu linapopokelewa hadi kibali kinapotoka, jina lake likiandikwa kwenye stakabadhi ya mwombaji, na kwamba badala ya faili kuzunguka ofisi kwa ofisi, wataalamu wote wakae meza moja kila Jumatano asubuhi.

Katika kikao cha menejimenti, mkuu wa idara mmoja alihoji afisa wake atamsikiliza nani siku hiyo. Hoja yake ilikuwa ya haki. Mkurugenzi aliamua kwamba kwa utaalamu kila afisa abaki chini ya mkuu wake, na kwa ratiba ya Jumatano awe chini ya mratibu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na si mali ya halmashauri, hatukuweza kuliamuru, hivyo tuliliandikia barua ya maombi. Suala la posho ya kikao lilipokataliwa kwa kuwa hizo ni saa za kazi, Jumatano ya kwanza walikuja wawili.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumsahau karani wa masjala, mama aliyejua kwa kulishika tu faili kwamba limepungukiwa nini. Maafisa walipoanza kuhudhuria, nusu ya asubuhi ilikuwa ikiishia kwenye michoro isiyo na sahihi ya mhandisi. Nilimwomba radhi, akahamia dirishani na orodha ya viambatisho, na tangu hapo faili pungufu haliifikii meza.

La mzee lilimalizika mezani palepale: afisa afya alichora kwa penseli mahali shimo linapofaa kusogezwa, mchoraji wa mzee akarekebisha, na Jumatano iliyofuata likapita. Saruji yake hatukuweza kuirudisha.

Gari la ukaguzi bado ni moja, na linapochukuliwa kwenye msafara wa kiongozi, Jumatano yetu huwa ya karatasi tu.