Pampu ya mafuta ya 504

Wenye Peugeot 504 za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) hapa Mwanza, msikubali kupewa pampu ya umeme ya gari la injeksheni (linalopuliza petroli kwa presha kubwa) eti "ina nguvu zaidi". Kabureta inataka presha ndogo, psi 3 hadi 5 hivi. Hiyo nyingine inasukuma zaidi ya 40. Petroli itaishinda sindano inayoizuia ndani ya kabureta, itafurika juu ya injini ya moto. Ni hatari jamani!

Pampu yangu, ile inayosukumwa na injini yenyewe, ilipasuka daiframu (utando wa ndani), petroli ikavujia kwenye oili. Ukichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, harufu tupu ya petroli. Fundi wangu wa Nyakato, Mungu ambariki, alilaza pampu mpya kando ya ile kuukuu, akalinganisha mkono wa pampu unaosukumwa na kemu shafti (shafti ya ndani ya injini), pia unene wa gasketi. Oili tukabadilisha palepale. Sasa mlima wa Bugando inapanda bila kumisi.