Gari la Kuvuta Boti Kubwa: Pitia Mizani Kabla ya Kupitia Yadi

Wengi wanaotafuta gari la kuvuta boti hapa Nairobi huanzia Ngong Road. Wanazunguka yadi za magari, pikapu fulani inawakaa moyoni, halafu ndipo wanauliza kama itaweza kazi. Huko ni kuanzia mwisho. Boti ndiyo inayochagua gari, kwa hiyo kabla hujampigia dalali yeyote simu, jua boti yako ina kilo ngapi ikiwa juu ya trela, tangi limejaa na vyombo vyote vimo ndani.

Tuchukue boti ya faiba ya futi 24. Bodi tupu tuseme ni kilo 1,900, na mara nyingi hiyo ndiyo namba pekee ambayo muuzaji wa boti atakutajia. Ongeza injini mbili za nje za nguvu-farasi 150, kila moja kama kilo 220: hizo ni 440. Petroli lita 300 ni kilo 220 hivi, maana lita moja haifiki robo tatu ya kilo. Maji ya kunywa, nanga na mnyororo wake, betri, jaketi za kuokolea, masanduku ya barafu na zana za uvuvi zinafika 250 bila mtu kujua. Trela ya chuma ya ekseli mbili, 650. Jumla ni kilo 3,460. Boti ya "tani mbili" imekaribia tani tatu na nusu, na bado hatujagusa gari lenyewe. Kama trela unayo tayari, usikisie: ipeleke kwenye mizani za kulipia ambazo wenye malori na wanunuzi wa vyuma chakavu hutumia Industrial Area, uifungue kwenye gari na uipime peke yake.

Namba ya pili ni ile inayoandikwa GCM kwenye kitabu cha gari, yaani uzito wa juu kabisa wa gari na trela vikiwa pamoja na kila kilichomo. Matangazo hayaitaji. Yanasema tu "inavuta 3,500". Pikapu ya milango minne yenye GCM ya kilo 6,000, ukitoa trela yetu ya 3,460, inabaki na 2,540. Pikapu hiyo tupu ina kama 2,100. Zimesalia 440. Weka watu watano wa kilo 75 kila mmoja, weka na bampa la chuma la mbele la kilo 60, na hesabu imekwisha. Hujapakia begi hata moja.

Isitoshe, namba ya kuvuta hubadilika kulingana na soko na mwaka. Kilo 3,500 ulizosoma kwenye ukurasa wa Australia si lazima zihusu gari la jina hilohilo lililoshuka Mombasa kutoka Japani. Springi, kipoza mafuta ya giaboksi na chuma cha kuvutia vinaweza kuwa tofauti. Soma kibati kilichoko mlangoni na kitabu cha gari hilo hasa.

Halafu kuna uzito unaolala juu ya tufe la kuvutia, ile duara ya chuma nyuma ya gari ambayo kichwa cha trela hukalia. Kwa boti, lenga asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa trela, ambayo kwa mfano wetu ni kilo 240 hadi 350. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuchezesha mkia ikishika kasi, na ikishaanza ni vigumu kuituliza. Ukizidi sana, sehemu ya mbele ya gari hunyanyuka, na usukani pamoja na breki za mbele hupoteza mshiko. Mizani ya bafuni haiwezi kupima kilo 300 moja kwa moja, lakini iko njia. Chukua ubao imara, ncha moja ilale juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, umbali wa sentimita 120 katikati yake. Zuia magurudumu ya trela kwa mawe, kisha teremsha mguu wa mbele wa trela juu ya ubao, sentimita 40 kutoka kwenye tofali. Toa uzito ambao mizani ilisoma ubao ukiwa mtupu, halafu zidisha kinachobaki kwa tatu. Kichwa cha trela kiwe kwenye kimo kilekile kinachokaa kikiwa kimefungwa kwenye gari. Namba ikiwa ndogo, sogeza boti mbele juu ya trela. Injini mbili zikining'inia nyuma hufanya tatizo hili kuwa la kawaida sana.

Sasa magari. Kwa mzigo usiozidi tani mbili na nusu, Hilux au Prado ya dizeli ya lita 3.0 inatosha. Kwenye injini ya 1KD iliyomo katika magari hayo, hasa zile za mwanzo, uliza habari za injekta kabla ya kuuliza bei. Wosha za shaba zilizo chini ya injekta zikivuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili, masizi hukusanyika na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini hufa kwa kukosa oili huku sampu ikiwa imejaa. Fundi anaweza kushusha sampu na kulitazama chujio hilo. Muuzaji akikataa, endelea na safari yako.

Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ni chaguo zuri kuelekea tani tatu. Haina mkanda wa taimingi, ina mnyororo, na vipuri vyake havisumbui Nairobi. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 ni imara kupita maelezo, lakini haina tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Ina nguvu-farasi 130 hivi na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Newton-mita 285, na hizo ni namba za usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi, mita 1,700 hivi, umeshapoteza moja ya sita. Ukielekea Kisumu kupitia Mau Summit, juu ya mita 2,400, karibu robo imekwenda. Itafika, lakini kwa gia ya pili na msururu wa magari nyuma yako.

Kwa tani tatu hadi tatu na nusu, ningetafuta Land Cruiser 100 yenye injini ya 1HD-FTE au 200 yenye V8 ya dizeli. Sababu kubwa ni uzito wa gari lenyewe, kilo 2,500 hivi au zaidi. Gari zito haliburutwi na trela. Land Cruiser 100 ilikoma kutengenezwa mwaka 2007, na kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane, kwa hiyo unazoziona sokoni zimekuwa kwenye barabara zetu kwa miaka mingi. Ukaguzi wake uwe mkali zaidi.

Ukipita tani tatu na nusu, achana na pikapu. Tafuta lori dogo la Isuzu NPR. Najua si gari la kwenda nalo harusini, lakini lina chesisi ya lori, breki za lori na breki ya moshi, ile inayoziba njia ya ekzosi ili injini ishikilie gari mteremkoni. Ukishuka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu ukiwa na tani nne mgongoni, hicho ndicho kifaa utakachoshukuru. Breki za kawaida zikishikiliwa muda mrefu hupata moto, mafuta ya breki yaliyozeeka na kunywa unyevu huchemka ndani ya mabomba, na kanyagio hushuka hadi chini bila kushika kitu. Kasoro ya NPR ya kawaida ni kwamba husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na mteremko wa kushushia boti wenye ukungu wa kijani huteleza vibaya. Beba kamba nene ya mita 15 hivi, lori libaki pakavu na trela ivutwe kwa kamba hadi itoke kwenye utelezi.

Upoaji unastahili aya yake. Katika kimo cha Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachoiokoa injini ni shinikizo ambalo kifuniko cha radieta hulishikilia, na ambalo hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 20. Kifuniko chenye mpira uliopasuka ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, lakini kinatosha kuchemsha injini kwenye mpando. Kibadilishe siku ya kununua gari, bila kujali sura yake. Tazama pia mapezi ya radieta kutoka upande wa feni: yakiwa yamejaa tope au yanamomonyoka kwa kidole, radieta hiyo haiwezi kuvuta boti kutoka Mombasa hadi Nairobi, njia ambayo unapanda zaidi ya mita 1,600 na joto la Voi na Mtito Andei liko njiani.

Ukaguzi wenyewe uanze chini ya gari, si chini ya boneti. Gari lililowahi kuvuta boti limewahi kurudi nyuma hadi majini, na kama yalikuwa ya chumvi, kutu huanzia ndani ya reli za chesisi ambako rangi haifiki. Chukua nyundo ndogo na ugonge reli kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na wakati mwingine magamba humwagika kupitia matundu ya chini. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari la umri wa miaka 15 inastahili kukwaruzwa kwa bisibisi. Fuata mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli ya nyuma. Fungua nati ya kujazia difu ya nyuma: oili yenye rangi ya maziwa inamaanisha maji yameingia.

Kisha chuma cha kuvutia. Tazama matundu ya bolti zake kwenye chesisi. Yakiwa yamevutika na kuwa ya umbo la yai, au pakiwa na mstari mwembamba wa kutu pembezoni mwa weldi, huo ni ufa na gari limevuta kupita kiasi. Chuma kilichofungwa kwenye bampa, au kilichochomelewa bila kibati cha uwezo, ni cha kutupa. Kiunganishwe kwenye reli zote mbili kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi. Pima na tufe lenyewe kwa kalipa. Nchini yanazunguka ya milimita 50 na ya inchi 2, ambayo ni 50.8. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kichwa cha inchi 2 kilichochakaa, juu ya tufe la 50 lililolika, kinaweza kuchomoka kwenye tuta la kwanza.

Giaboksi ya otomatiki: pasha gari moto, vuta kijiti cha mafuta kama kipo na udondoshee tone moja kwenye karatasi nyeupe. Wekundu ni mzuri, kahawia ni onyo, weusi wenye harufu ya kuungua ni mwisho wa mazungumzo. Hata ukiipata nzuri, ongeza kipoza mafuta cha pembeni kabla ya safari ya kwanza. Gia za mkono: ukiwa kilomita 40 kwa saa weka gia ya nne na ukanyage mafuta yote. Mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Injini ikiwa moto na inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili ukilaze juu ya tundu lake. Kikitetemeka ni kawaida. Kikirushwa pembeni, ringi za pistoni zimechoka. Halafu panda nalo Waiyaki Way hadi Limuru ukiwa umepakia mchanga nyuma, ukitazama mshale wa joto muda wote. Simama juu, acha injini inguruma dakika tano kabla ya kuizima, na uone kama mshale unazidi kupanda. Ukirudi pitia barabara ya murram ujaribu gia ndogo za magurudumu manne, maana ndizo zitakazotoa boti majini bila kuunguza klachi. Lami kavu isitumike kwa jaribio hilo.

Kuhusu breki za trela, boti kubwa isiyo nazo isivutwe na gari lolote. Zile zinazofanya kazi kwa trela kulisukuma gari ni rahisi kutunza kuliko za umeme, ambazo chumvi huzimaliza mapema. Ila kwenye mteremko mrefu husukumwa muda wote na kupata moto, hivyo ukiwa katikati ya safari simama kando ya barabara na uguse habu, kitovu cha gurudumu, kwa mgongo wa mkono. Ukifika ziwani zipoe kwanza. Habu ya moto ikizama ghafla, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili hadi kwenye beringi.

Umeme: NPR na Canter hutumia volti 24. Taa za trela za volti 12 zitaungua mara tu utakapochomeka plagi, kwa hiyo weka kishusha volti.

Karatasi hazichukui muda. Agiza rekodi ya gari kwenye huduma ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone mmiliki ni nani na kama benki ina dai. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Land Cruiser iko kwenye reli ya mbele kulia. Trela nayo ina usajili wake, namba inayoanza na Z, na leseni yako iwe ya daraja linaloruhusu kuivuta. Boti ikikaribia mita 2.5 kwa upana, kaulize KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kuhusu kibali kabla ya kulipa arubuni.