Simu ililala jikoni

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa sababu ya korona. Aliyemo asitoke, asiyekuwamo asiingie. Tuliambiwa siku 15, kisha zikaongezwa. Ilikuwa Ramadhani, misikiti imefungwa tangu Machi, kafyu saa moja jioni, na mimi fundi wa nguo za maharusi sina hata harusi moja ya kushonea.

Wiki ya kwanza niliharibikiwa. Kila alasiri nilingoja Wizara ya Afya isome idadi ya wagonjwa wapya, halafu usiku kucha niko kwenye simu: kundi la ukoo, kundi la mtaa, kila mtu na dawa yake na kifo alichokisikia. Daku haishuki. Moyo ulinidunda hadi nikadhani nimeambukizwa, kumbe ni hofu na kukosa usingizi.

Mama yangu yuko Kisauni, ukivuka tu daraja la Nyali, na hatukuweza kuonana. Akanipigia.

"Mwanangu, jana umelala saa ngapi?"

Nikanyamaza.

"Basi usiku hiyo simu iache jikoni. Habari haitakukimbia."

Nikaiweka kando ya debe la unga. Siku tatu mkono ulikuwa ukiipapasa chini ya mto. Ya nne nililala fofofo, watoto ndio walioniamsha kula daku. Taarifa ya Wizara nikawa naisikiliza mara moja, redioni, kisha nazima.

Saa kumi na moja jioni tulipanda juu ya paa. Nina asumini wangu mmoja kule, kwenye ndoo iliyopasuka. Vitumba vya asumini huchumwa vikiwa bado vimefumba, vyeupe kama punje za mchele. Nilichukua sindano ile ile ya kutungia ushanga wa maharusi, nikatunga koja, watoto wakinipokeza kimoja kimoja. Tukiliweka kwenye sahani ya tende, adhana ya magharibi ilikuta vimeshafunguka, harufu imejaa chumba. Kwa muda huo sikuwaza ugonjwa, na nilihitaji sana muda huo.

Kodi haikulipwa na asumini, nakiri. Nilishona barakoa kwa mabaki ya pamba, tukasukuma siku. Lakini bila usingizi hata cherehani nisingeikalia.

Tulipofunguliwa Juni nilivuka daraja na koja. Nililitundika kwenye kitasa cha mlango wa mama, nikarudi nyuma hatua kadhaa, barakoa usoni, nikamwita atoke alichukue.