Kabla Hujaweka Sizoni Kwenye Flashi, Uliza Kama Imeisha

Hapa Mbeya, pale Kabwe, Mwanjelwa au Uyole, mteja akisimama kwenye kibanda cha muvi swali lake la kwanza huwa moja: "Ni kali?" Na jibu ni lilelile siku zote, kali sana. Kwa sizoni, swali la kuuliza ni "imeisha?", na hapo usikubali jibu la neno moja, maana "imeisha" ziko tatu. Ya kwanza, mtunzi kafika alikokuwa anakwenda. Ya pili, kituo kimeikata njiani, adui bado anadunda na steringi yuko chini ya mti anavuja damu. Ya tatu, imeisha huko kwao, ila aliyeitafsiri kaishia sehemu ya arobaini akahamia nyingine.

Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi huku nyanda za juu, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, kwa sababu wengi wetu sizoni tunazifuata kwa sauti ya DJ anayezitafsiri kwa Kiswahili. Ukiitazama kibiashara utaelewa. Sizoni ya kwanza kila mtu anaitaka. Ya pili wanaitaka walioimaliza ya kwanza tu, na ya tatu wachache zaidi, lakini kazi ya kuitafsiri haipungui: sehemu 22 za dakika 42 ni zaidi ya saa 15 za kukaa na maiki. Wakati huohuo kuna mzigo mpya ambao kila kibanda kinauulizia. DJ naye anakula kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukikosa sizoni ya tatu na ya nne usidhani muuzaji kazificha. Mara nyingi hazijawahi kutafsiriwa.

Kujikinga hakuchukui muda. Kabla ya kulipa, mwambie akufungulie folda yenyewe, achana na posta iliyobandikwa ukutani. Hesabu mafaili. Kuna vifaa vinavyopanga 1, 10, 11, 12 halafu ndiyo 2, hivyo pengo la sehemu ya 7 halionekani kwa kutupia jicho. Zilizotafsiriwa mara nyingi hukatwa 1A na 1B, kwa hiyo mafaili 24 yanaweza kuwa sehemu 12 tu. Kisha fungua faili la mwisho, peleka mbele mpaka dakika tatu za mwishoni, usikilize DJ anaaga vipi. Hutaharibiwa utamu kwa dakika tatu usizozielewa.

Na flashi yenyewe ina ujanja wake. Flashi ya GB 16 ukiichomeka inaonyesha kama 14.5. Sehemu moja ikiwa na megabaiti 350, zinaingia 42. Sizoni mbili za sehemu 22 ni 44. Zile mbili zilizobaki nje ndizo zenye mwisho, na muuzaji mwenye foleni ya watu hakuona ule ujumbe kwamba nafasi imejaa. Ndiyo maana lawama nyingi za "sizoni haina mwisho" zinakwisha ukitumia flashi ya GB 32. Jaribu pia faili moja kwenye TV yako, kwani mafaili yaliyobanwa kwa mfumo wa H.265 ili yawe madogo hugoma kwenye TV za zamani: sauti inatoka, picha hakuna.

Tamthilia za Kituruki zina hesabu ya peke yake. Waturuki hurusha sehemu moja kwa wiki, na sehemu hiyo ni ndefu kuliko muvi nyingi, inakwenda hadi saa mbili na kuzidi. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Muhteşem Yüzyıl, ile tuliyoifuata Azam TV kwa sauti za Kiswahili kwa jina la Sultan, kwao ilikuwa na sehemu 139, kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014. Kata kila moja mara mbili au tatu uone unapata vipande vingapi. Mtu anasoma mtandaoni kwamba zimebaki sehemu 10, anajiandaa kuaga, halafu mwezi unakatika bado wanakula njama kwenye jumba la wake za Sultani.

Ule ukataji ndio unaoleta pia kero ya kipande kuishia mtu akiwa katikati ya sentensi. Mtunzi hakuweka mwisho pale. Aliyekata ndiye aliyeuweka. Na ile tabia ya kamera kuzunguka sura za watu sita kabla mtu hajajibu "ndiyo"? Inajaza dakika. Sehemu ndefu inabeba matangazo mengi, na matangazo ndiyo yanayolipa mishahara.

Halafu kuna kubadilishiwa mtu. Kwenye hiyohiyo Sultan, Meryem Uzerli aliyeigiza Hürrem, mke wa Sultani, aliondoka 2013 kabla tamthilia haijaisha, nafasi yake akachukua Vahide Perçin. Kwa aliyeianza katikati haikumsumbua, kwa aliyeifuata tangu mwanzo ilikuwa kama ameletewa mama wa kambo. Hapa ushauri ni mmoja: tafuta jina la tamthilia kwa lugha yake, si lile la Kiswahili, uone orodha ya waigizaji na miaka yao. Ukiona mwaka wa kuanza na wa kuisha, 2011 hadi 2014 kwa mfano, kamba ina ncha. Ukiona mwaka wa kuanza halafu kistari na pengo, bado inapikwa.

Kwa maoni yangu, tamthilia ya historia ina usalama kidogo, maana mtunzi hawezi kukimbia kaburi. Sultani Suleiman alifariki 1566. Watake wasitake watafika huko. Ila hata historia huvutwa. Jumong ya Wakorea ilipangiwa sehemu 60, ikapendwa, ikafika 81, na ukitazama kwa makini unajua kabisa ni wapi walianza kuongeza maji kwenye mchuzi. Tamthilia nyingi za kawaida za Kikorea ni sehemu 16 na zinafungwa. Anayetaka kitu cha wikiendi mbili za baridi ya Juni kule Njombe aanzie hapo.

Zile za kila siku ni jamii nyingine kabisa. Isidingo ya Afrika Kusini, tuliyoizoea ITV, ilianza 1998 na ikafungwa Machi 2020. Tamthilia ya namna hiyo haijatengenezwa iishe, inaishi mpaka fedha ikate, na siku ikikatwa waandishi hupewa muda mfupi wa kufunga mambo yote kwa pamoja: ndoa, vifo na maridhiano ndani ya wiki chache. Kulalamika kwamba Huba au Jua Kali haifiki mwisho ni kulalamikia basi la Makambako kwa kuwa linarudi Makambako. Unaingia, unakaa kwa muda unaoutaka, unashuka. Anayekosa mwezi mzima asihangaike kutafuta alivyokosa, kwani vipindi hivi hurudia jambo moja kwenye mazungumzo mara tatu kwa makusudi, ili aliyekuwa shambani asipotee.

Redio ilishaonyesha kwamba mchezo mrefu unaweza kuwa na mwelekeo. Twende na Wakati ya Redio Tanzania, iliyoanza 1993, ilimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, atakufa kwa nini kabla hajaanza kuendesha. Mchezo ulikuwa na somo la uzazi wa mpango na UKIMWI la kufikisha, na somo lilikuwa linamvuta kila mhusika kwenye fungu lake. Vijana wa barabara kuu ya Tunduma walimfahamu kwa jina.

Wamarekani wana ugonjwa wao. Huko kituo huagiza sizoni moja baada ya nyingine kikiangalia idadi ya watazamaji, kwa hiyo mwandishi hajui kama amalizie au aache mlango wazi. Prison Break ilianza 2005 na wazo la mtu, Scofield, kujifungisha ili amtoroshe kaka yake. Wakatoka gerezani. Wazo likawa limekwisha, sizoni zikawa hazijakwisha. Ya tatu ina sehemu 13 tu na wapo walioamini wamepunjwa kibandani, kumbe ni mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Novemba 5, 2007 na kudumu siku 100. Humohumo Sara, mpenzi wa Scofield, analetwa kichwa ndani ya boksi, kwa kuwa mwigizaji wake hakuwepo sizoni hiyo. Ya nne akarudi mzima, tukaambiwa kichwa kilikuwa cha mtu mwingine. Scofield naye akafa 2009, akafufuka 2017 kwa sehemu 9. Ukizijua sababu hizi hasira hupungua, ingawa lile boksi mimi siwasamehi.

Lost ilikuwa inaelea vilevile mpaka Mei 2007, watengenezaji walipokubaliana na kituo chao tarehe ya kumaliza, miaka mitatu mbele. Ikaisha Mei 2010 kama walivyoahidi. Watu bado wanagombana kuhusu huo mwisho, lakini ni ugomvi wa ladha, si wa kutelekezwa.

Kwa wanaofuata kwenye king'amuzi, mbaya wao ni mvua. Msimu wa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu hata nje ya hapo, wingu zito linameza mawimbi jioni ileile ya siri kufichuka. Azam wako kwenye setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Kwa aliye Mbeya dishi linatazama magharibi likipinda kaskazini kidogo, limeinuka nyuzi kama 58. Likikosea nyuzi moja, siku ya jua huoni tofauti, siku ya mvua chaneli zinaondoka. Fundi alipange siku ya jua akiangalia kipimo cha ubora, asiridhike na picha kutokea tu, na aifunge vizuri ile kokwa ya waya kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kwani maji yakiingia humo kutu hufanya kazi yake polepole. Dishi la sentimita 90 linavumilia mvua kuliko la 60. Zaidi ya hapo, shika saa za marudio.

Vitabu vinauma kwa namna nyingine, maana mwandishi wa kitabu hana kituo cha kumsukuma. George R. R. Martin alitoa vitabu vitatu vya kwanza vya hadithi yake 1996, 1998 na 2000. Cha nne kikaja 2005, cha tano 2011. Cha sita mpaka leo wasomaji wanakisubiri, wakati tamthilia yake, Game of Thrones, ilianza 2011 ikampita njiani na kujifunga 2019 kwa sizoni ya sehemu sita iliyochukiza watu dunia nzima. Kilichomkwamisha kinajulikana kwa sehemu: alipanga kuruka miaka mitano ndani ya hadithi ili watoto wakue, akaona hairukiki, ikabidi aiandike miaka ile, kitabu kikavimba mpaka akakigawa viwili. Wahusika wakishatawanyika pande zote za dunia, kuwakusanya tena ni kazi kubwa kuliko kuwatawanya. Robert Jordan, mwandishi mwingine wa hadithi ndefu, yeye alifariki 2007 hadithi yake ikiwa haijafungwa, lakini aliacha maelezo ya kutosha, Brandon Sanderson akaimaliza kwa kitabu cha 14 mwaka 2013.

Wazee wetu walilikwepa tatizo hili kwa muundo. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, hufunga kesi ndani ya kitabu kimoja. Joram Kiango wa Ben Mtobwa vivyo hivyo. Mtobwa alifariki 2008 na Musiba 2010, na hakuna msomaji aliyeachwa na muuaji asiyejulikana. Ukiokota kimoja kwenye meza za vitabu vya mitumba Iringa mjini, anza nacho hichohicho, hata kama hujui ni cha ngapi.

Warithi wao wako kwenye simu, na huko ndiko fedha inakopotelea. Utaratibu unafahamika: sehemu ya 1 hadi ya 15 bure, kuanzia ya 16 tuma buku, yaani shilingi elfu moja, uingizwe kwenye grupu. Nyingi huandikwa siku kwa siku, mwandishi mwenyewe hajui muuaji ni nani. Dalili za simulizi inayokufa zinaonekana mapema. Sehemu zinafupika, kutoka aya ishirini hadi sita. Jina la mhusika linabadilika, Jackline anakuwa Jesca. Kwenye sehemu ya 60 anaibuka pacha ambaye hakutajwa. Halafu mwandishi anatangaza simulizi mpya wakati ya zamani inasubiriwa. Hiyo ikitokea, ya zamani ihesabu imekwenda.

Nao wana kilio chao. Mtu mmoja analipa buku, anakopi sehemu zote, jioni ziko kwenye magrupu kumi bure. Mwandishi akiamka hana mteja, ya kesho ataiandikia nini? Wanaolalamika kukatiwa utamu na wanaosambaza mara nyingi ni walewale.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, dada au kaka, muulize sehemu ziko ngapi zote, na atume ukurasa wa mwisho uliofunikwa maneno, yaonekane tu namba ya sehemu na neno "mwisho". Pitia ukurasa wake uone simulizi za nyuma alizifunga au watu bado wanaulizia kwenye maoni. Afadhali ulipie faili zima kuliko kulipia vipande. Na akikujibu kwamba imeisha ila mwisho wenyewe bado anaurekebisha kidogo, hiyo haijaisha, shika hela yako.