Jinsi nilivyotuliza vumbi la shaba kwa nyasi za porini
Kiwanja changu hapa Lubumbashi, kilicho upande unakoelekea moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, kilibaki kitupu kwa miaka, na kila kiangazi upepo ulileta vumbi lake hadi vyumbani mwa watoto. Mahindi niliyojaribu kupanda yalinyauka kwa sababu ya shaba iliyojaa udongoni. Suluhisho nililipata kwenye vilima vyenye shaba ya asili, ambako nyasi za Microchloa altera huota bila shida: nilichimba mashina machache, nikachanganya udongo na mboji pamoja na chokaa, ambayo hupunguza asidi ili shaba isiyeyuke kwa urahisi, kisha nikapanda mvua zilipoanza. Nyasi hizi haziondoi shaba, bali huizuia isisambae. Kwa hiyo silimi chakula hapo wala siachi mbuzi walishwe. Vumbi limetulia.