Mfumo Usio na Mwenyewe

Wiki hii nimeshinda kwenye orodha. Ni orodha ya mifumo yote ya taasisi yetu: seva, programu, hifadhidata, leseni, vyeti vya usalama. Sehemu kubwa yake hujazika bila taabu, maana zipo zana za kupita kwenye mtandao na kukusanya kila kilichounganishwa. Safu inayoninyima usingizi ni ile ya mwisho, yenye kichwa "Mwenye mfumo". Hiyo hakuna zana ya kuijaza. Inabidi uwaulize watu, na watu wanatazamana.

Walio nje ya kazi hii hudhani msimamizi wa TEHAMA katika taasisi kubwa anashinda akipambana na wadukuzi. Wadukuzi wapo, lakini muda wangu mwingi unaishia kwenye maswali yanayosikika mepesi. Hiki ni cha nani? Kikizimika usiku huu, nani atalalamika wa kwanza? Nani ana mamlaka ya kusema sasa basi, tukifunge? Taasisi ikiwa ndogo, majibu yako vichwani mwa watu na unayapata kwa kugonga mlango wa pili. Ikikua, idara zikaunganishwa, wakandarasi wakaja na kuondoka, majibu nayo yanaondoka. Mitambo inabaki inanguruma.

Juzi niliingia chumba cha seva na kijana mmoja wa timu yangu. Kwenye rafu ya mwisho, chini kabisa, ipo mashine ya zamani iliyobandikwa karatasi: USIZIME. Wino umefifia na gundi ya utepe imekauka. Haina jina wala tarehe. Tukafuatilia inawasiliana na nani, tukakuta kila usiku inapeleka faili moja kwenye mfumo wa mishahara. Nikampigia mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima aliyekaa pale kuliko sisi sote.

"Shikamoo, mama. Naulizia ile mashine ya chini."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo inayotoa makato ya mikopo ya wafanyakazi. Aliyeitengeneza alishaondoka. Msiiguse kabla ya mwisho wa mwezi, tafadhali."

Kazi hiyo ya usiku inaendeshwa kwa akaunti ya yule yule aliyeondoka. Utaratibu unasema akaunti ya namna hiyo ifungwe siku mtu anapokabidhi kitambulisho. Mtu fulani aliiacha wazi, na simlaumu: angeifunga, mishahara ingetoka na makosa. Lakini hebu fikiria maana yake. Mlango wa kuingilia kwenye mishahara ya watu wote uko wazi kwa jina la mtu asiyekuwepo, na hakuna kiongozi hata mmoja anayejua kwamba amebeba hatari hiyo.

Ndiyo maana kisa cha Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, hakiniishi kichwani. Machi 2017 ilitangazwa kasoro kwenye Apache Struts, programu iliyotumika kwenye tovuti nyingi duniani, na marekebisho yake yakatolewa. Kampuni iliwaandikia wafanyakazi wake barua pepe ya kuwataka wayaweke. Agizo lilikuwa sahihi na lilitoka mapema. Tatizo ni kwamba orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati, na ujumbe haukuwafikia waliotakiwa kuirekebisha tovuti husika. Wavamizi wakaingia mwezi Mei. Kulikuwa na kifaa cha kukagua yanayopita kwenye mtandao, lakini cheti chake cha usalama, faili linalokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, kilikuwa kimeisha muda, kwa hiyo hakikuona kitu. Kilipowekewa cheti kipya mwishoni mwa Julai, wizi ukaonekana. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeshachukuliwa.

Ukikisoma kisa hicho taratibu, huoni mjinga ndani yake. Unaona orodha mbili, ya wapokeaji na ya vyeti, ambazo hakuna aliyekabidhiwa kuzitunza.

Knight Capital nayo, kampuni ya kununua na kuuza hisa Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 walikuwa wameweka programu mpya kwenye seva zao. Seva zilikuwa nane, moja ikasahaulika. Ndani ya ile moja mlikuwa na msimbo (maelekezo ya programu) wa zamani ulioachwa kutumika tangu 2003 lakini haukuwahi kuondolewa, na soko lilipofunguliwa ukaamka na kuanza kutuma maagizo ya kununua na kuuza bila kikomo. Dakika 45 ziligharimu zaidi ya dola milioni 460. Kinachoniuma zaidi ni hiki: kabla ya soko kufunguliwa asubuhi ile, mifumo yao ilituma barua pepe 97 zikitaja hitilafu hiyo. Zilikwenda kwa kundi la watu. Barua ya kundi kila mmoja anaamini mwenzake ameisoma, na mimi nimeshaamua kwamba kwetu hakuna tahadhari itakayotumwa kwa kundi peke yake. Lazima kuwe na jina la mtu wa zamu.

Maersk, kampuni ya meli za mizigo ya Denmark, wao waliokolewa na bahati. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta kompyuta zao karibu dunia nzima, zikiwemo seva zinazotambua nani anaruhusiwa kuingia wapi. Seva hizo zilikuwa nyingi na kila moja ilibeba nakala ya nyenzake, kwa hiyo zilionekana salama. Zilipofutwa zote kwa pamoja, ikabaki moja tu, ofisini kwao Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ikawa nje ya mtandao. Kutokea hapo wakajenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi hivi. Wafanyakazi wale nawavulia kofia. Ila nakala rudufu ya kitu muhimu namna ile haistahili kutegemea kukatika kwa umeme.

Nimekuwa nikijibizana na wakuu wa idara juu ya safu ile ya mwisho. Wengi wanataka niandike "TEHAMA" kila mstari, yaishe. Nakataa. Sisi tunaweza kuitunza seva, kuisasisha, kuipoza, kuitolea nakala. Hatuwezi kuamua kama makato ya mikopo yanaweza kusubiri siku mbili, wala kama data ya wateja ihifadhiwe miaka mitano au kumi. Anayejua ni mwenye shughuli. Akishaandika jina lake, ndipo na bajeti ya kuubadilisha mfumo uliochoka inapata mtetezi kwenye kikao, kwa sababu mkurugenzi wa fedha akisema mashine ya makato imezeeka husikilizwa kuliko mimi nikisema hivyo mara nyingi.

Kuna idara nyingine imejinunulia huduma ya mtandaoni kimya kimya kwa sababu ofisi yetu ilichelewa kuwajibu. Nimewaambia waiandike tu, hakuna atakayefokewa. Nikianza kuadhibu, watakaofuata wataficha, na orodha itarudi kuwa ya uongo.

Jumatatu nina kikao na uhasibu. Ninachotaka ni mambo matatu: jina la mtu atakayeimiliki kazi ya makato, akaunti maalumu ya huduma badala ya ile ya mtu aliyeondoka, na usiku mmoja wa kujaribu kuihamisha wakati mishahara imeshatoka. Mama yule amekubali kukaa na kijana wangu siku nzima, amweleze kila faili inatoka wapi na inaelekea wapi, kabla hajastaafu. Nimemwomba kijana aandike yote, hata yale yatakayoonekana madogo.