Barua zikae nyumbani, lango likae nje

Mtu akifikiria kuhamishia barua pepe zake kwenye mashine yake mwenyewe, hofu ya kwanza huwa umeme. Ukikatika usiku kucha, barua zilizotumwa zinapotelea wapi? Hazipotei. SMTP, lugha ambayo seva za barua zinazungumza tangu 1982, imejaa uvumilivu. Seva inayotuma ikikuta yako imezima, huiweka barua kwenye foleni na kurudi baadaye. Postfix, programu ya kusafirisha barua, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hungoja sekunde 300, hujaribu tena, kisha hurefusha mwanya hadi sekunde 4000, na huendelea hivyo siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Mgao wa umeme wa saa kumi na mbili si kitu mbele ya siku 5.

Kinachokwamisha watu ni anwani ya IP. Kupokea ni rahisi, lakini kutuma barua ikaaminiwa na Gmail na Outlook kunahitaji anwani isiyobadilika, iliyo safi, na yenye jina la kinyume, yaani rekodi ya PTR inayosema "namba hii ni ya mashine fulani". Laini ya faiba ya nyumbani au modemu ya simu kwa kawaida haina hata kimoja kati ya hivyo. Fungua ruta uangalie anwani ya WAN (ya upande wa nje): ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine wengi, na hakuna mtu wa nje anayeweza kukufikia moja kwa moja. Hata ukiwa na anwani yako peke yako, mara nyingi iko kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus, ambayo hukusanya anwani za majumbani zisizotarajiwa kutuma barua zenyewe. Kuibishia orodha hiyo ni kupoteza muda.

Dawa yake tunaijua tangu enzi za Posta. Barua haikuletewa mlangoni; ilifika kwenye S.L.P. yako, ukaenda kuichukua ukaiweka kwako. Fanya vivyo hivyo: kodi seva ndogo yenye anwani nzuri, tuiite lango, iwe sanduku la Posta, na mashine iliyo nyumbani au ofisini ndiyo itunze barua zote. Kati ya hizo mbili pitisha handaki la WireGuard, yaani njia iliyosimbwa inayopita juu ya intaneti. Lango halihifadhi kitu zaidi ya foleni, kwa hiyo likiharibika unalijenga upya kwa saa moja mahali pengine, na barua zako za miaka kumi haziguswi.

Lango

GB 2 za RAM, kiini kimoja na diski ya GB 20 vinatosha. GB 1 inawezekana ila Rspamd (kichujio cha barua taka) na Redis (ghala lake la kumbukumbu) zitabanana. Usiweke ClamAV ya kuchunguza virusi, inakula zaidi ya GB 1 peke yake. Kabla ya kulipa, muulize mwenye seva maswali matatu kwa maandishi: poti 25 ya kutokea (mlango ambao seva hutumiana barua) iko wazi? Naweza kuweka PTR mwenyewe? Anwani nitakayopewa iko kwenye orodha nyeusi yoyote? Wengi hufunga poti 25 kwa wateja wapya na huifungua kwa maombi tu. Ukishaingia, jaribu:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`

Ikining'inia bila jibu, poti imefungwa. Usiendelee mpaka ifunguliwe.

Ukipata seva ya kukodi Dar es Salaam au Nairobi yenye masharti hayo, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na watu wa pwani yote hii wakaona jinsi barua ya kutoka Kariakoo kwenda Posta Mpya inavyokwama kwa sababu ya kuzungukia Ulaya.

Kwenye Debian 12, `main.cf`, faili la mipangilio ya Postfix langoni, inahitaji mistari michache tu ya kwako (dukaletu.example ni kikoa cha mfano, na 10.8.0.2 ni anwani ya nyumbani ndani ya handaki):

```
myhostname = mx.dukaletu.example
mydestination = localhost
relay_domains = dukaletu.example
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/wapokeaji
transport_maps = hash:/etc/postfix/njia
mynetworks = 127.0.0.0/8 10.8.0.2/32
smtpd_milters = inet:127.0.0.1:11332
```

Faili la `njia` lina mstari mmoja: `dukaletu.example smtp:[10.8.0.2]:25`. Mabano ya mraba si pambo. Yanaiambia Postfix isitafute rekodi ya MX, inayosema barua za kikoa zipelekwe wapi. Ukitumia jina la kikoa bila mabano hayo, lango linatafuta MX, linajikuta lenyewe, na barua inakataliwa kwa kosa la kujizunguka. Faili la `wapokeaji` lina kila anwani halali, moja kwa mstari, ikifuatwa na neno OK. Ni kazi ya mkono, lakini usiliruke. Bila orodha hiyo, lango hupokea barua za majina yasiyokuwepo, nyumbani wanazikataa, halafu lango linamrudishia "mtumaji" ambaye mara nyingi amebambikiwa jina. Ndani ya wiki unakuwa wewe ndiye msambazaji wa barua taka. Kumbuka kujumuisha postmaster na abuse, na kuendesha `postmap` kila ukibadilisha mojawapo ya mafaili hayo.

Kuhusu `mynetworks`: andika anwani moja ya nyumbani yenye /32, usiandike mtandao mzima. Anayeweka Postfix ndani ya Docker, inayoendesha programu ndani ya makasha, awe mwangalifu mara mbili. Miunganisho ya nje inaweza kuonekana kama inatoka 172.17.0.1, na ikiwa mtandao huo umeruhusiwa, dunia nzima imeruhusiwa. Roboti zitakukuta haraka, na anwani iliyochafuka husafishika kwa shida.

DNS, ambako wengi huanguka

Rekodi zinazohitajika kwenye DNS, daftari la majina na anwani za intaneti, ni hizi, tukichukua 203.0.113.25 kuwa anwani ya lango:

```
dukaletu.example.         MX   10 mx.dukaletu.example.
mx.dukaletu.example.      A    203.0.113.25
dukaletu.example.         TXT  "v=spf1 mx -all"
_dmarc.dukaletu.example.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:postmaster@dukaletu.example"
```

PTR inawekwa kwenye paneli ya mwenye seva, haiwekwi kwenye kikoa chako. `dig -x 203.0.113.25 +short` lazima irudishe mx.dukaletu.example, na jina hilo lazima lirudishe namba ileile, na `myhostname` iwe jina hilohilo. Vitu vitatu, jina moja.

Rekodi ya SPF, inayotaja mashine zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, iwe moja tu. Ukiongeza ya pili, zote mbili zinahesabiwa kuwa kosa. Na SPF yote isizidi utafutaji 10 wa DNS, jambo linalowapata wanaorundika `include` za kampuni za matangazo.

Ufunguo wa DKIM, unaotia barua zako sahihi ya kidijitali, uutengeneze langoni:

`rspamadm dkim_keygen -b 2048 -s posta1 -d dukaletu.example -k /var/lib/rspamd/dkim/dukaletu.example.posta1.key`

Kisha andika `selector = "posta1";` katika `/etc/rspamd/local.d/dkim_signing.conf`. Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, faili linabaki kuwa mali ya root, Rspamd inashindwa kulisoma, na barua zinatoka bila sahihi. Mpe `_rspamd` umiliki wake. La pili, ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinaweza kubeba, kwa hiyo hugawanywa vipande viwili vya alama za nukuu. Paneli nyingine huukata mwisho bila kusema lolote. Soma tena kwa `dig TXT posta1._domainkey.dukaletu.example` na ulinganishe herufi za mwisho.

DMARC, inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje, iache kwenye p=none (isifanywe lolote) wiki mbili au tatu, usome ripoti, kisha upande hadi quarantine (iwekwe na barua taka) na baadaye reject (ikataliwe).

Sakinisha pia Unbound, programu ya kutafuta majina ya DNS, langoni na uifanye ndiyo DNS ya mashine. Lango likiiuliza Spamhaus kuhusu mtumaji kupitia 8.8.8.8, DNS ya Google, haijibu, hurudisha 127.255.255.254, namba ya kosa. Ukiwa umeandika `reject_rbl_client zen.spamhaus.org` bila kutaja majibu unayokubali, Postfix inaichukua namba hiyo kuwa ni "ndiyo, ni mhalifu" na kukataa barua za kila mtu.

Kama lango lina IPv6 isiyo na PTR, andika `inet_protocols = ipv4`. Gmail hukataa papo hapo barua ya IPv6 isiyo na jina la kinyume, na utashangaa kwa nini barua moja inapita na nyingine hairuki.

Handaki

WireGuard upande wa nyumbani:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = ...

[Peer]
PublicKey = ...
Endpoint = 203.0.113.25:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Keepalive ya sekunde 25 ndiyo inayofanya ruta ya mtoa huduma isisahau muunganisho wako. Bila hiyo, lango haliwezi kuanzisha mazungumzo na nyumbani. Endpoint andika namba, usiandike jina, maana umeme ukirudi mashine huwaka kabla ruta haijapata mtandao, jina linashindwa kutafsiriwa, na handaki linabaki limelala. AllowedIPs iwe anwani za handaki tu. Ukipitisha kila kitu handakini kwenye Raspberry Pi 4, ambayo haina saa yenye betri, unajifungia nje: saa imerudi nyuma, WireGuard inakataa salamu yenye muda wa zamani, na NTP haiwezi kurekebisha saa kwa sababu njia yake ni handaki lilelile.

Barua ndogo zikipita na zenye viambatisho zikikwama, shusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti. Kawaida ni 1420; kwenye modemu za simu jaribu 1280.

Nyumbani

Kompyuta ndogo iliyotumika yenye GB 4 za RAM na SSD inatosha familia au ofisi ya watu ishirini. Usitunze barua kwenye kadi ya SD. Uandishi wa kila dakika huiua. Mashine ya wati 10 pamoja na ruta ya wati 10 hula Wh 20 kwa saa. Betri ya LiFePO4 ya 12.8 V na Ah 20 ina Wh 256, na ukihesabu upotevu wa kubadilisha umeme, utapata takriban saa kumi.

Postfix ya nyumbani iwe na `relayhost = [10.8.0.1]`, `virtual_mailbox_domains = dukaletu.example` na `virtual_transport = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp`; Dovecot, seva ya visanduku vya barua, itunze barua katika Maildir (faili moja kwa kila barua) na kuwahudumia watu kwa poti 993, huku 465 ikipokea zinazotumwa. Acha `inet_interfaces = all` na uzuie kwa nftables, ukuta wa moto wa Linux. Ukiitaja 10.8.0.2 pale, Postfix itakufa kila mara ikiwaka kabla ya WireGuard, na hilo hutokea siku umeme unaporudi nawe uko safarini.

Simu zilizo nje ya nyumba zipewe nazo WireGuard kupitia lango, kila moja na ufunguo wake. Hivyo 993 haionekani kabisa kwenye intaneti, na wanaokisia nywila hawana mlango wa kugonga. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt cha jina la imap.dukaletu.example kichukue kwa njia ya DNS. Cheti hudumu siku 90, na kosa la kawaida ni kwamba kinahuishwa vizuri lakini Dovecot inaendelea kutumia cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu. Weka `doveadm reload` ndani ya `/etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/`.

Faida ninayoipenda kuliko zote ni hii: kebo ikikatika, walio kwenye Wi-Fi ya ofisi wanaendelea kuandikiana na kusoma barua za zamani, maana hakuna kinachotoka nje ya jengo. Sharti ni moja, jina la seva litafsiriwe humohumo ndani. Weka `local-data` ya imap.dukaletu.example kwenye Unbound ya nyumbani, na ruta iwaelekeze wote huko.

Wiki za kwanza

Tuma barua chache kwa siku, kwa watu watakaokujibu. Kwenye Gmail fungua chanzo cha barua: SPF, DKIM na DMARC zote tatu ziseme PASS. Outlook ikijibu na namba S3140, tatizo ni majirani wa anwani yako. Jaza fomu ya Microsoft ya kuomba kuondolewa, na wakikataa badilisha lango. Tangu Februari 2024 Google inadai PTR, TLS (usimbaji wa barua njiani) na uthibitisho hata kwa watumaji wadogo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kwa hiyo matangazo ya duka usiyatume kwa anwani hii hii.

Chuo, hospitali au SACCO kubwa inaweza kwenda mbali zaidi: kuomba AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, namba yake ya ASN (kitambulisho cha mtandao) na anwani zake. Kipande kidogo kinachokubalika kutangazwa kwa BGP, lugha ambayo mitandao hutangaziana njia, ni /24 kwa IPv4, yaani anwani 256, na /48 kwa IPv6. Ukiunganishwa na watoa huduma wawili na kituo cha kubadilishana trafiki, TIX kwa Tanzania au KIXP kwa Kenya, unaweza kumwacha mtoa huduma mmoja bila kubadilisha hata namba moja, na rekodi za PTR ni zako mwenyewe. Kwa mtu mmoja, ada na kazi yake haviendani na faida.

Nakala ya akiba iwe ya vitu vitatu: Maildir, folda ya `/etc` ya mashine zote mbili, na ufunguo wa DKIM. Programu ya Restic iipeleke kila usiku kwenye diski iliyo jengo jingine. Mara moja kila miezi mitatu rudisha nakala hiyo kwenye mashine tupu, fungua kisanduku kimoja, na uhesabu barua kwa `doveadm mailbox status -u asha messages INBOX` pande zote mbili.